Dang'a

Masika hayakubisha hodi Msongola.
Yalianza saa nane usiku, juu ya mabati,
na mama, kabla hajapapasa kiberiti, akasema gizani:
"Sukari anazaa. Amegoma pumba tangu jioni."

Umeme ulikatika, kama kawaida yake na mvua.
Nikaibana simu kwa meno, mwanga ukitazama zizini,
maana mikono nilikuwa na kazi nayo:
kamba, ndoo ya maji ya moto,
na gunia kavu la kumfutia mgeni.
Kondoo walibanana ukutani, wakinuka manyoya yaliyolowa,
na yule pacha aliyekataliwa na mamaye
alikuwa amelala ndani ya sweta la shule la Ndahani,
chupa ya soda yenye chuchu pembeni yake.

Kwato mbili zikachungulia,
laini kama sabuni iliyosahauliwa bafuni.
Kisha basi. Hakuna kilichoendelea.
Mama akaivua kanga ya mabegani, akajifunga kiuno,
akaanza kusema na ng'ombe kwa Kigogo,
lugha ambayo sisi tuliozaliwa Ilala
huisikia penye msiba na penye uzazi tu.
Kwangu akarudi kwenye Kiswahili:
"Vuta anaposukuma. Akipumzika, pumzika.
Usishindane naye, hukuja kushinda."

Nikavuta.
Nikapumzika.
Nikavuta, nikaita jina la Mungu na la marehemu baba kwa pamoja,
na ndama akaporomoka na maji yake,
jike, jeusi, na doa moja jeupe
kama mtu aliyemwagikiwa uji kifuani.

Kulipokucha, kila kitu kilikuwa kimeota.
Hata gurudumu bovu lililoachwa na fundi lilikuwa na majani.
Masika ni majani, na majani ni kupe,
hivyo Ndahani akabeba pampu ya dawa mgongoni
akapita chini ya matumbo, nyuma ya masikio,
akipiga chafya na kuimba asichokijua maneno.
Mwenye mgahawa wa Mbande akapiga simu mara tatu:
maziwa yako wapi, chai inapoa?
"Ya Sukari usiyahesabu siku nne," mama akamjibu.
"Ya kwanza ni ya ndama. Yakibaki, ni yetu."

Saa nne kaka Mbeleje akaleta mnunuzi.
Viatu vyake vilikuwa vya ofisini;
kimoja kilibaki kwenye tope, akarudi kukifuata kwa mguu wa soksi.
Akahesabu hatua toka bikoni hadi bikoni,
akasema viwanja sita, saba tukibana njia,
na pacha aliyekataliwa akamfuata hatua zote hizo
akinyonya upindo wa suruali yake.

Mama hakusema neno.
Alikuwa jikoni anakoroga dang'a kwenye sufuria,
iliki punje mbili, sukari kidogo,
hadi ikaganda na kutikisika ukiigusa.
Akamletea bakuli la bati, na kijiko.
Mnunuzi akala amesimama.
Kisha akachuchumaa.
Kisha akakwangua, na kijiko kikapiga kelele mbaya.
"Hii mnauzaje?"
"Haiuzwi, baba. Ukiiuza, titi hukauka."
Mbeleje akaanza kung'oa tope kwenye goti lake,
tope ambalo lilikuwa limeshakauka na kutoka.

Wakaondoka na mvua ya adhuhuri.
Kama watarudi, sijui. Bei haikutajwa mbele yangu.
Ila jioni ndama alijaribu kusimama,
miguu minne ikibishana nani atangulie,
akaanguka, akaanguka,
hadi alipoliegemea lile jiwe jekundu la mpaka
akabaki wima, anatetemeka, anashangaa.
Ndahani akacheka: "Jina lake Bikoni!"
Mama akafyonza. Jina gani hilo la kumpa mtoto wa watu?
Lakini usiku, manyunyu yalipoanza tena,
nilimsikia mlangoni mwa zizi, kwa sauti ya chini:
"Bikoni. Wee Bikoni. Sogea huku kwa mama'ko, unalowa."